Vitufe Maalumu vya Kibodi: Amri Ambazo Mwombaji wa Huduma Mtandaoni Anapaswa Kuzifahamu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Zikiwa zimesalia saa chache kabla ya dirisha la maombi ya kazi kufungwa, mhitimu wa chuo ameketi mbele ya kompyuta ya steshenari. Nywila yake anaikumbuka vizuri na ameiandika pia nyuma ya daftari. Anaiingiza, mfumo unaikataa. Anairudia taratibu, herufi kwa herufi, inakataliwa tena. Katika jaribio la tano akaunti inafungwa kwa muda, naye anaanza kulalamika kwamba mfumo ni mbovu. Mhudumu wa steshenari anainama, anatazama taa ndogo inayowaka kwenye kibodi, anabonyeza kitufe kimoja upande wa kushoto na taa inazimika. Kosa lilikuwa Caps Lock.

Mambo ya namna hii hutokea kila msimu wa maombi, na mengi hayafiki popote kwa sababu aliyeathirika huondoka akiamini kwamba kompyuta imemkataa. Kwa sasa, nafasi za kazi katika utumishi wa umma huombwa kupitia Ajira Portal, maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupokelewa kwa njia ya mtandao, na usajili wa kampuni na majina ya biashara hufanyika mtandaoni. Mwananchi aliyezoea kioo cha simu janja hujikuta akikaa mbele ya kibodi siku ileile anayoihitaji zaidi, bila mazoezi na huku muda ukiyoyoma.

Makala haya yanaeleza vitufe vile ambavyo mtumiaji mpya huviruka kwa sababu havina herufi anayoitafuta. Maelezo yamejikita katika kompyuta zinazotumia Windows, ambazo ndizo zinazopatikana katika steshenari na ofisi nyingi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kibodi, ambayo baadhi ya wataalamu wa lugha huiita baobonye, ina vitufe vya aina mbili. Vipo vinavyoandika, yaani herufi, tarakimu na alama. Vipo visivyoandika chochote bali huamrisha: hubadilisha maana ya kitufe kingine, huhamisha mahali pa kuandikia, hutuma, hufuta, hufunga au hufungua. Ukikosea kitufe kinachoandika unaliona kosa palepale kwenye skrini. Ukikosea kitufe cha amri, kompyuta hutekeleza kimyakimya ulichoiamuru, hata kama hukukusudia.

Majina ya vitufe hivi huonekana ya ajabu hadi mtu ajue yalikotoka. Mengi ni urithi wa mashine ya chapa. Mashine ya Remington iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874 iliandika herufi kubwa peke yake. Mwaka 1878 ilifuata Remington namba 2, iliyokuwa na herufi kubwa na ndogo katika chuma kimoja, na mchapaji alibonyeza kitufe kilichosogeza sehemu ya mashine ili herufi ya pili ndiyo igonge karatasi. Kusogeza huko ndiko kulikokipa kitufe cha Shift jina lake. Caps Lock nayo imetokana na komeo lililokuwa likiushikilia msogeo huo ili kidole kipumzike. Kitufe cha Tab kilitengenezwa kwa ajili ya kupanga safu za majedwali, na Enter imechukua nafasi ya mkono wa chuma uliorudisha karatasi mwanzo wa mstari. Makatibu muhtasari waliosoma uhazili enzi za mashine hizo walikuja kwenye kompyuta wakiwa tayari wanajua nusu ya mambo haya.

Caps Lock hufanya kila herufi iwe kubwa mpaka ibonyezwe tena. Kwa jina la mtu hilo si tatizo kubwa, kwani fomu nyingi hukubali herufi kubwa. Kwa nywila ni tatizo, kwa sababu mfumo hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kile unachoandika kimefichwa nyuma ya vitone. Kabla ya kujaribu nywila mara ya pili, tazama taa ya Caps Lock. Na kama fomu ina alama ya jicho pembeni mwa nafasi ya nywila, ibonyeze uone ulichoandika, baada ya kuhakikisha hakuna anayechungulia nyuma yako.

Num Lock ni ndugu yake Caps Lock, na madhara yake hayajulikani sana. Kundi la tarakimu lililo upande wa kulia wa kibodi kubwa lina kazi mbili. Num Lock ikiwaka, vitufe hivyo huandika namba. Ikizimika, 8, 4, 6 na 2 huwa mishale, 7 hukupeleka mwanzo wa mstari, 1 hukupeleka mwisho wake, na 5 haifanyi lolote. Mtu anayeingiza Namba ya Utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20, akiwa ameinamia kadi yake, anaweza kugonga tarakimu zote na akiinua macho akakuta nafasi ni tupu. Katika baadhi ya kompyuta mpakato ndogo za zamani mambo huwa kinyume: Num Lock ikiwaka, herufi J, K na L huandika 1, 2 na 3, na U, I na O huandika 4, 5 na 6. Mwenye nywila yenye herufi hizo atakataliwa siku nzima.

Enter ni kitufe kinachotakiwa kuheshimiwa. Katika barua, huanzisha mstari mpya. Katika fomu ya mtandaoni, mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kauli ya "nimemaliza, tuma". Wapo wanaojaza jina la kwanza, wakabonyeza Enter wakidhani watashuka kwenye jina la ukoo, na fomu ikaondoka ikiwa nusu. Mifumo iliyotengenezwa kwa uangalifu hukataa fomu yenye mapengo, lakini sehemu isiyo ya lazima, kama vile ya kueleza uzoefu wa kazi, inaweza kwenda ikiwa tupu. Kitufe sahihi cha kuhamia nafasi inayofuata ni Tab. Ukitaka kurudi nyuma, shikilia Shift kisha bonyeza Tab.

Ipo hatari nyingine inayohusu mishale. Ukishachagua mkoa katika orodha ya kuchagua, orodha hiyo hubaki ikisikiliza kibodi. Ukibonyeza mshale wa chini ukidhani unashusha ukurasa, chaguo hubadilika, na Mtwara inakuwa Mwanza bila mlio wala onyo. Baada ya kuchagua, bonyeza Tab utoke, kisha ushushe ukurasa kwa kitufe cha PgDn, au PgUp ukitaka kupanda. Na kabla ya kutuma, soma tena kila orodha uliyochagua. Hili lina uzito wake, kwa kuwa taarifa isiyo sahihi katika ombi hubeba jina la mwombaji, si la kitufe.

Kuhusu kufuta, Backspace hufuta herufi iliyo kushoto mwa kimstari kinachowakawaka na Delete hufuta iliyo kulia. Kitufe cha Insert kipo jirani, na katika baadhi ya programu za uandishi kikibonyezwa kwa bahati mbaya kila herufi mpya humeza ile iliyo mbele yake. Kibonyeze tena, mambo yatarejea kama yalivyokuwa.

Kabla ya kuendelea na amri, inafaa kusimama kwenye kitufe kimoja kinachoandika, kwa sababu kinawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi wengine. Ni ritifaa, ile alama inayotenganisha ng'ombe na ngome. Kwenye kibodi nyingi zinazouzwa nchini ritifaa ipo kushoto kwa Enter. Lakini chini ya Esc, kwenye pembe ya juu kushoto, kuna alama nyingine inayofanana nayo, iliyolalia upande. Macho ya binadamu huona Mang'ula na Mang`ula kuwa ni jina moja. Kompyuta huona majina mawili tofauti. Mwenye jina lenye ng', na yapo mengi Kanda ya Ziwa, Mara, Morogoro na kwingineko, akiandika alama moja katika mfumo huu na nyingine katika mfumo ule, anaweza kukuta taarifa zake hazioani, au akitafutwa kwa jina asionekane. Ushauri ni kutumia ile ya jirani na Enter mahali pote na kulinganisha tahajia ya jina na ile iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho kabla ya kutuma.

Sasa tuingie kwa Ctrl, kitufe chenye nguvu kubwa zaidi kuliko vyote vya mstari wa chini. Peke yake hakifanyi kitu. Kikishikiliwa huku kitufe kingine kikibonyezwa, herufi hugeuka kuwa amri. Ctrl na C hunakili, Ctrl na X hukata, Ctrl na V hubandika, Ctrl na Z hutengua kilichofanyika mwisho. Utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika ulifanyiwa kazi katika miaka ya 1970 na Larry Tesler pamoja na Tim Mott kwenye maabara ya Xerox PARC huko California. Tesler alifariki dunia mwezi Februari 2020, na kila anayenakili namba ya malipo leo anatumia kazi yake.

Kunakili kuna faida ya pekee kwa namba ndefu. Kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali iliyotolewa na mfumo ikinakiliwa na kubandikwa haiwezi kukosewa tarakimu, tofauti na inaposomwa kwa macho na kuandikwa upya. Angalizo ni moja: mara nyingine nafasi tupu hunakiliwa pamoja na namba, mwanzoni au mwishoni, na mfumo ukaikataa namba iliyo sahihi. Ikitokea hivyo, bonyeza End, kisha Backspace mara moja, uone kama kuna nafasi iliyojificha. Fanya vivyo hivyo mwanzoni kwa kutumia Home na Delete.

Hatari ya Ctrl inatokana na mahali ilipo. Kwenye kibodi nyingi ipo chini kabisa ya Shift ya kushoto, na kidole kinachotafuta herufi kubwa huteleza kwa urahisi. Tuseme mwombaji ameandika aya tatu za maelezo binafsi, na sasa anataka kuandika Arusha. Badala ya Shift na A anabonyeza Ctrl na A, ambayo ni amri ya kuchagua maandishi yote. Herufi inayofuata inafuta kila kilichochaguliwa, naye akiinua macho anakuta neno moja tu katika nafasi nzima: rusha. Anayetaka kuandika Pwani anafunguliwa ukurasa wa uchapaji. Mwenye bahati mbaya zaidi ni anayeanza neno Wilaya, kwa sababu Ctrl na W hufunga ukurasa mzima wa kivinjari.

Kwa yaliyofutwa, tiba ni Ctrl na Z, ibonyezwe mara hiyohiyo bila kuandika kitu kingine, na irudiwe mpaka maneno yarejee. Kwa ukurasa uliofungwa, Ctrl, Shift na T kwa pamoja huurudisha, ingawa mara nyingi fomu hurudi ikiwa tupu. Ndiyo maana maelezo marefu yanafaa kuandikwa kwanza katika programu ya kuandikia, yakahifadhiwa, kisha yakanakiliwa kwenye fomu.

Hapa kuna dhana potofu inayostahili kusahihishwa. Watu wengi wamefundishwa kwamba Ctrl na S huhifadhi kazi. Ni kweli katika barua na majedwali. Katika fomu iliyo ndani ya kivinjari, amri hiyo huhifadhi nakala ya ukurasa kwenye kompyuta unayoitumia, na haipeleki chochote katika mfumo wa taasisi. Mwombaji hudhani ameweka akiba, kumbe ameacha ukurasa wa maombi yake kwenye kompyuta ya watu. Ombi huhifadhiwa kwa kitufe cha kuhifadhi kilichomo ndani ya fomu yenyewe, na mwenye uhakika ni yule aliyeona ujumbe wa mfumo ukithibitisha.

Mstari wa juu una vitufe vya F1 hadi F12. Kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na kumi tu, kati ya vitufe 83. Vingi mwombaji hatavihitaji. F2 hubadilisha jina la faili lililochaguliwa, na inafaa pale mfumo unapotaka cheti kipakiwe kwa jina fulani. F11 hujaza ukurasa kwenye skrini yote na kuficha kila kitu pembeni. Ukiibonyeza kwa bahati mbaya usiizime kompyuta, ibonyeze tena.

F5 ndiyo ya kuangaliwa. Hupakia ukurasa upya. Ukurasa wa fomu ambayo haijahifadhiwa ukipakiwa upya, uliyoyajaza yanaweza kupotea. Ukurasa unaofuata baada ya kutuma ukipakiwa upya, kivinjari huuliza kama utume tena taarifa zilezile, na anayebonyeza kukubali bila kusoma anaweza kurudia ombi. Intaneti inapokwenda polepole, subira ni bora kuliko F5. Fungua ukurasa mwingine, ingia kwenye akaunti yako, utazame kama ombi limekwisha kupokelewa.

Kwenye kompyuta mpakato vitufe hivyohivyo hubeba kazi za ziada, kama vile kuongeza sauti, kupunguza mwanga au kuzima mtandao usiotumia waya. Kitufe cha Fn ndicho kinachoamua ipi ifanyike. Mtu anayelalamika kwamba intaneti imekatika ghafla huku majirani wote wakiendelea na kazi, mara nyingine amegusa kitufe chenye picha ya mnara au ndege.

PrtSc ni kitufe ambacho mwananchi anayefuatilia huduma za mtandaoni anapaswa kukifahamu kwa jina. Katika kompyuta za mwanzo za IBM kilipeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye printa. Leo huchukua picha ya kila kinachoonekana. Katika kompyuta nyingi zenye Windows 11, kitufe hiki hufungua kifaa cha kuchagua sehemu ya kupiga picha. Katika matoleo ya nyuma huiweka picha kwenye kumbukumbu ya muda, na inabidi uibandike mahali kwa Ctrl na V. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, picha huhifadhiwa yenyewe ndani ya folda ya picha.

Umuhimu wake ni wa ushahidi. Ujumbe kwamba ombi limepokelewa, namba ya kumbukumbu, tarehe na saa, au ujumbe wa hitilafu uliokuzuia kutuma, vyote hutoweka ukurasa ukifungwa. Afisa wa dawati la msaada anayepokea maelezo ya "mfumo ulinigomea jana" hana pa kuanzia. Mwenye picha inayoonyesha maneno kamili ya hitilafu, pamoja na saa iliyo pembe ya chini ya skrini, amemrahisishia kazi nusu nzima. Kwa stakabadhi na fomu zilizokamilika, Ctrl na P ni bora zaidi, kwani hukuwezesha kuhifadhi ukurasa wote kama faili la PDF badala ya karatasi. Lipeleke faili hilo kwenye barua pepe yako, kisha lifute kwenye kompyuta uliyoiazima.

Kompyuta inapoganda, wengi hukimbilia kuzima umeme. Anza na Esc, kitufe kilichopendekezwa na Bob Bemer wa IBM mwaka 1960, ambacho hadi leo hufunga vidirisha na kusimamisha baadhi ya shughuli. Kikishindwa, Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha ya programu zinazofanya kazi, na unaweza kuifunga ile iliyokwama peke yake bila kugusa nyingine.

Ctrl, Alt na Delete ni kisa kingine. Mchanganyiko huo uliwekwa na mhandisi David Bradley wakati wa kutengeneza kompyuta ya IBM ya 1981, ukiwa njia ya haraka ya kuianzisha upya. Vitufe vilichaguliwa vikiwa mbalimbali kwa makusudi, ili mkono mmoja usivibonyeze vyote kwa bahati mbaya. Baadaye Windows iliupa kazi ya ulinzi: amri hiyo hupokelewa na mfumo endeshi wenyewe, na programu ya kawaida haiwezi kuidaka njiani. Ndiyo sababu katika ofisi nyingi mtumishi hutakiwa kuibonyeza kabla ya kuingiza nywila. Ukurasa bandia uliotengenezwa kufanana na ule wa kuingilia hauwezi kuiitikia amri hiyo.

Kitufe chenye alama ya Windows kilianza kuonekana kwenye kibodi mwaka 1994. Kikitumiwa na L, hufunga skrini papo hapo, na anayetaka kuendelea atatakiwa kuingiza nywila. Mtumishi anayeondoka mezani kwenda kuchukua faili hana kisingizio cha kuiacha kompyuta wazi ikiwa na taarifa za wananchi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Kitufe hichohicho kikitumiwa na R hufungua kisanduku kidogo cha kuandikia amri zinazotekelezwa na kompyuta moja kwa moja. Mwananchi wa kawaida hana haja nacho, ila wahalifu wa mtandao wanakihitaji sana, na hapa ndipo kutojua kazi ya vitufe kunapogharimu kuliko taa ya Caps Lock.

Mbinu hii imeenea katika nchi nyingi tangu mwaka 2024. Mtu hufungua tovuti, mara nyingi kupitia kiungo alichotumiwa au tangazo, na huonyeshwa kidirisha kinachomtaka athibitishe kwamba yeye si roboti. Kidirisha hicho kinafanana na vile vya kweli. Akibonyeza, ukurasa huweka amri yenye madhara katika kumbukumbu ya kunakilia bila yeye kuiona. Kisha hutolewa maelekezo ya hatua tatu, kwa lugha ya upole: bonyeza Windows na R, bonyeza Ctrl na V, malizia kwa Enter. Aliyesoma makala haya mpaka hapa anaweza kutafsiri mwenyewe. Hatua ya kwanza inafungua kisanduku cha amri, ya pili inabandika kile ambacho mhalifu amekwisha kukiweka, ya tatu inaitekeleza. Kompyuta huiona kuwa ni amri ya mwenye nyumba, na kinachofuata ni programu haribifu inayoweza kukusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zikiwemo za benki na za mifumo ya Serikali.

Uthibitisho wa kweli huishia ndani ya ukurasa: kuchagua picha, kuweka alama ya vema, kuandika herufi zinazoonekana. Tovuti yoyote inayokutaka ubonyeze Windows na R, au ubandike kitu nje ya kivinjari, ifunge. Kama umekwisha kufanya hivyo, ikate kompyuta kwenye mtandao, tumia kifaa kingine kubadilisha nywila zako ukianza na ya barua pepe, na utoe taarifa kituo cha polisi. Kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kwa wanaotumia kompyuta za steshenari na kafe za intaneti, zipo hatua zinazochukua chini ya dakika moja. Kabla ya kuanza, bonyeza Ctrl, Shift na N katika Chrome au Edge, au Ctrl, Shift na P katika Firefox, ufungue dirisha la faragha ambalo halihifadhi historia likifungwa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwanza ndipo ufunge dirisha. Kumbuka pia kwamba kile ulichonakili kinaweza kubaki nyuma yako: Windows na V huonyesha orodha ya vilivyonakiliwa iwapo huduma hiyo imewashwa, na hapo unaweza kuvifuta. Dirisha la faragha halizuii programu ya kijasusi iliyowekwa na mwenye kompyuta, hivyo miamala ya benki isifanyike mahali usipopaamini.

Watu wenye ulemavu wana sababu ya pekee ya kuvifahamu vitufe hivi. Asiyeweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja anaweza kubonyeza Shift mara tano mfululizo, na kompyuta itamwuliza kama iwashe utaratibu wa kubonyeza kimoja baada ya kingine, hata Ctrl, Alt na Delete. Windows, Ctrl na Enter huwasha msomaji wa skrini anayetamka kilichoandikwa, ingawa hutamka vizuri zaidi zile lugha zilizowekewa sauti. Asiyeona hutembea ndani ya fomu kwa Tab, na huweka alama ya vema kwa kitufe kirefu cha nafasi, bila kugusa kipanya. Vinundu vidogo vilivyo juu ya herufi F na J, na juu ya 5 kwenye kundi la tarakimu, vimewekwa ili vidole vijue vilipo bila macho.

Anayetaka kufanya mazoezi asiyafanye juu ya fomu halisi. Fungua programu ya Notepad, andika majina yako, namba ya simu na mahali unapoishi, kisha jaribu kila amri iliyotajwa hapa: kata, bandika, futa yote, rejesha. Kwa anayekwenda steshenari siku ya mwisho wa maombi, aandike kwanza nywila yake ya kujaribia, isiyo ya kweli, katika ukurasa huohuo wa Notepad. Kama kuna kitufe kilichokufa au taa iliyowaka mahali pasipostahili, ataligundua hapo, angali na nafasi ya kuhamia kompyuta nyingine.